Katolewa mafindofindo, leo siku ya tano hataki hata maji

Bi Muuguzi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anasoma bweni. Tangu utotoni ugonjwa wake ni koo. Mwaka jana peke yake aliugua mafindofindo mara saba, na mara mbili shule ilimrudisha nyumbani kwa homa. Daktari wa masikio, pua na koo akasema sasa yatolewe. Tukasubiri likizo, akafanyiwa upasuaji Jumatatu iliyopita, Jumanne jioni tukaruhusiwa.

Siku mbili za kwanza nilishangaa. Alikunywa uji, akachati na wenzake, mpaka nikasema moyoni mbona watu walinitisha bure. Alhamisi mambo yakageuka. Leo Jumamosi hataki chochote, maji akiyaona anageukia ukutani. Hasemi, ananiandikia kwenye simu: "Mama inauma mpaka masikioni." Kinywa kinanuka. Nilipomulika kwa tochi nikaona pande zote mbili za koo kuna utando mweupe unaoelekea njano. Jirani yetu mwenye duka la dawa anasema huo ni usaha, kidonda kimeoza, na yuko tayari kunipa antibayotiki pamoja na vidonge vya tramado, ile dawa kali ya maumivu.

Mama mkwe naye anasema tulipoteza hela, ugonjwa ulikuwa kimeo tangu mwanzo. Alichungulia koo, akasema kimeo kimerefuka, na kweli nilipoangalia nikaona kimevimba. Anamjua mzee mmoja wa kukata vimeo na anataka aitwe. Wakati tunasubiri, anataka mtoto asukutue koo asubuhi na jioni kwa maji ya moto yenye chumvi, tangawizi na ndimu. Baba yake anasema kijana alishatoka jando, avumilie.

Kuhusu dawa, hospitali ilitupa paracetamol ya miligramu 500, kidonge kimoja na nusu kila baada ya saa sita, na ibuprofen ya miligramu 400 mara tatu kwa siku. Ibuprofen niliiacha, mdogo wangu alisoma kwamba inazuia damu kuganda. Paracetamol nampa akilalamika sana. Usiku simwamshi, maana usingizi wenyewe anaupata kwa shida. Naogopa dawa nyingi zitamwharibia figo na ini, mtoto ana kilo 54 tu.

Shule inafunguliwa keshokutwa. Hospitali walisema apumzike wiki mbili, lakini baba yake anasema ada imeshalipwa na mwakani ana mtihani wa taifa. Bi Muuguzi, nimechanganyikiwa. Nishike lipi?

Mama mwenye hofu, Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma Jumamosi hiyohiyo, saa nane mchana, nikaona haifai kusubiri siku ya safu. Ndiyo maana nilikupigia. Nayaandika hapa tuliyoyazungumza, pamoja na yale ambayo simuni hayakupata nafasi, kwa sababu kila likizo ya shule barua za namna hii huja, na nilipokuwa wodini nilipokea vijana wengi waliorudishwa siku ya tano au ya sita wakiwa katika hali kama ya mwanao.

Nilikuuliza mambo matatu. Je, mate yake yana damu nyekundu? Ukasema hapana. Anameza mate yake mwenyewe na kuvuta pumzi bila taabu? Ukasema anameza, ila anakunja uso. Alikojoa lini mara ya mwisho, na mkojo ulikuwa na rangi gani? Hapo ukanyamaza, ukaenda kumwuliza, ukarudi na jibu: alfajiri, kidogo, rangi kama chai ya rangi.

Jibu hilo la tatu ndilo lililonishtua. Utando mweupe haukunishtua, wala harufu, wala masikio. Mtoto alikuwa anakauka. Na alikuwa anakauka kwa sababu dawa ya maumivu alikuwa anaipata kwa kubahatisha.

Mwanangu, nisikilize hapa, maana mengine yote niliyonayo yanatoka hapa. Kijana aliyetolewa mafindo hanywi kwa sababu koo linauma. Asipokunywa, kidonda kinakauka, kinabana na kupasukapasuka, kwa hiyo kinauma zaidi, naye anazidi kukataa maji. Kumbembeleza hakusaidii, kumfokea ndiyo kabisa. Pa kuanzia ni kwenye dawa. Dawa ikishika, ndani ya nusu saa au dakika 40 koo linalegea, na hapo ndipo kikombe kinapopelekwa mdomoni. Dawa inatolewa kwa saa, siyo kwa kilio. Ukisubiri alie, umeshachelewa, kwa sababu wakati huo hata kidonge chenyewe hawezi kukimeza.

Kosa la usiku nimelikuta kwa wazazi wengi sana, na linatoka kwenye huruma. Mama anamwona mtoto kalala, anasema mwache apumzike. Mtoto analala kwa muda wa saa tisa bila dawa na bila tone la maji, mdomo wazi kwa sababu pua zimeziba kidogo na koo limevimba, feni inampuliza usoni. Akiamka asubuhi koo ni kama limepakwa mchanga wa moto. Kwa hizi siku chache mwamshe. Tegeni simu ilie, apewe paracetamol yake na kikombe cha maji, alale tena. Mlaze kwenye mito miwili ili kichwa kiwe juu, na feni igeuzieni ukutani.

Kuhusu figo na ini, hofu yako si ya kipuuzi, ila umeielekeza siko. Miligramu 750 kila baada ya saa sita ni gramu 3 kwa siku, na kwa kijana mwenye afya wa kilo 54 hicho ni kiasi salama. Hatari ya paracetamol ipo kwa anayezidisha, na wengi huzidisha bila kujua: wanatoa ya hospitali, kisha wanaongeza dawa ya mafua au ya kichwa ya dukani ambayo ndani yake mna paracetamol ileile. Hakikisheni kwa siku hizi inapita njia moja tu.

Ibuprofen nilikuambia uirudishe, ila kwa mpangilio. Wataalamu wa masikio, pua na koo wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2019 kuhusu watoto na vijana wanaotolewa mafindo, wanapendekeza paracetamol, ibuprofen, au zote mbili pamoja kwa maumivu ya baada ya upasuaji huu. Daktari wako hakukosea. Dawa yenye sifa mbaya ya kuvujisha damu ni aspirini, na hiyo usimpe kabisa. Soma maandishi ya kila kidonge cha kichwa kinachouzwa dukani, maana baadhi yake vinayo. Lakini ibuprofen katika mwili uliokauka inaweza kweli kuumiza figo. Ndiyo maana nilisema anza na paracetamol, anywe, akojoe, upige simu wodini uthibitishe, kisha ibuprofen irudi, tena akiwa ameshakula mtindi au uji kidogo. Mwenye pumu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiiguse mpaka aseme na daktari wake. Na ibuprofen isichanganywe na diclofenac, hizo ni ndugu.

Tramado ya jirani yako irudishe leo. Nalisema hili kwa uzito wote nilionao. Tangu 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imepiga marufuku tramado kwa walio chini ya miaka 18 baada ya kutolewa mafindo, na kabla yake, mwaka 2013, ilishatoa onyo kama hilo kuhusu kodeini. Sababu ni kwamba miili ya watoto wengine huzigeuza dawa hizi kwa kasi kuliko kawaida, zikapunguza pumzi usingizini, na wapo waliofariki majumbani kwao. Mtoto ambaye koo limevimba na anakoroma usiku si wa kupewa kidonge kinachoweza kumpunguzia pumzi.

Antibayotiki nazo mwachie. Ule utando si usaha. Mafindo yakishatolewa, pale palipobaki hapashonwi. Ni kidonda wazi, na mwili unakifunika wenyewe. Ukichubua goti, juu yake hutokea kigaga kikavu cha rangi ya kahawia. Kooni kuna mate muda wote, kwa hiyo kigaga kinabaki laini, cheupe, chenye njano au kijivu. Kinanuka, ndiyo, na harufu hiyo huwatia vijana aibu kuliko hata maumivu. Apige mswaki kama kawaida, taratibu, bila kupeleka nyuma sana, na anywe maji. Kingekuwa kimeoza kweli ungeona homa inapanda kupita nyuzi 38.5 na haishuki, au shingo inavimba, au mdomo haufunguki. Joto dogo siku za mwanzo ni la kawaida.

Masikio hayana ugonjwa. Mshipa wa fahamu unaohudumia sehemu ile ya koo una tawi linalokwenda hadi sikioni, kwa hiyo ubongo unachanganya habari zinatoka wapi. Usiweke mafuta ya nazi wala kitunguu saumu sikioni. Dawa ileile ya koo ndiyo itakayotuliza masikio.

Simuni uliniuliza kwa nini siku mbili za kwanza alikuwa mzima. Wakati wa upasuaji watu wengi huchomwa dawa ya kupunguza uvimbe, na bado mwilini kuna mabaki ya dawa za nusukaputi na za maumivu. Zikiisha, kidonda kinaanza kusema. Kati ya siku ya tatu na ya saba ndipo maumivu hufika juu kabisa, kisha siku ambazo vigaga vinabanduka yanaweza kupanda tena kidogo. Na kijana huumia kuliko mtoto mdogo. Mtoto wa miaka mitano siku ya tano unaweza kumkuta anakimbia uani. Wa miaka 16, ambaye mafindo yake yameugua mwaka baada ya mwaka mpaka yakashikamana na nyama ya koo, siku hiyohiyo yuko kitandani amegeukia ukuta. Mwambieni hivyo mwenyewe. Kijana akijua kwamba hali hii ilitarajiwa, na kwamba kufikia siku ya 10 hadi ya 14 itakuwa imeisha, anapata nguvu ya kuvumilia.

Na hapo niseme na mzazi mwenzako. Baba, jando ulilompeleka kijana lilimfundisha ujasiri, na ujasiri huo anauonyesha. Lakini mtu humeza mamia ya mara kwa siku, hata akiwa amelala, na kila kumeza kunavuta kidonda hiki. Hakuna aliyewahi kuvumilia kiu mpaka kidonda cha koo kikapona. Kaa naye usiku mmoja, wewe ndiye umpe dawa ya saa nane za usiku. Ataikumbuka.

Sasa kinywaji na chakula. Kwa uzito wake anahitaji karibu lita mbili kwa siku, na hatazipata kwa vikombe vikubwa. Funda moja kila dakika tano, saa nzima baada ya dawa kushika. Maji baridi, madafu (Tanga mna neema hiyo), maziwa baridi, uji mwepesi uliopoa, juisi ya tikiti au ya parachichi, maji ya chumvichumvi za pakiti kama amekauka. Barafu za maziwa zile za kwenye mfuko zenye iliki ni nzuri sana, lakini za ubuyu na za ukwaju hapana, kwa sababu uchachu unachoma kidonda. Kwa sababu hiyohiyo aepuke machungwa, nanasi na hiyo ndimu ya bibi. Siku mbili tatu za mwanzo wengine hupaliwa na maji yakatokea puani; ni kaakaa lililochoka, linarudi.

Kuhusu kula, hospitali hazisemi jambo moja. Zamani tuliambiwa vitu laini tu mpaka wiki mbili ziishe. Siku hizi hospitali nyingi humruhusu mgonjwa ale anachokiweza mapema, kwa sababu kutafuna kunalegeza misuli ya taya na koo. Mimi husema aanze na vinavyoteleza: bokoboko lililolainika, tambi za maziwa, mtori, mayai ya kuvuruga, ndizi mbivu, wali bokoboko na mchuzi usio na pilipili. Kisha apande mwenyewe. Kijiko cha asali akipenda akilambe. Kuna tafiti zilizoona inapunguza maumivu kidogo. Akipungua kilo mbili usilie, atazirudisha. Mtoto asiyekula siku tatu lakini anakunywa hanitii hofu. Asiyekunywa siku moja ananitia.

Nije kwa mama mkwe wako, kwa heshima zote, maana najua anampenda mjukuu wake na hofu yake ni ya kweli. Bibi, shikamoo. Kimeo ulichokiona kimevimba kweli, macho yako hayakukosea. Wakati wa upasuaji mafindo yanatolewa kulia na kushoto kwake, na mdomo unashikiliwa wazi kwa chuma, kwa hiyo kimeo nacho huvimba, kikaning'inia na kumtekenya mtoto kooni kana kwamba kuna kitu hakijamezwa. Kinanywea chenyewe baada ya siku chache. Kukikata leo ni kufungua kidonda cha tatu katikati ya viwili vilivyo wazi. Wodini nimepokea watoto waliokatwa kimeo nyumbani, wanavuja damu, wengine na maambukizi yaliyoshuka shingoni, na chombo kilichowakata kinaweza kubeba pepopunda. Tafadhali mzee huyo asiitwe. Na maji ya moto ya kusukutua nayo tuyaache mpaka wiki mbili zipite, kwa sababu moto na ule mtikisiko wa kusukutua kooni vinaweza kung'oa kigaga kabla ya wakati wake.

Kigaga hicho kinanipeleka kwenye jambo ambalo kila mwenye mgonjwa wa mafindo anapaswa kulijua kabla halijatokea. Kati ya siku ya tano na ya kumi vigaga vinabanduka, na chini yake mshipa wa damu unaweza kufunguka. Wengi hawafikwi na hili. Lakini vijana na watu wazima hufikwa zaidi kuliko watoto wadogo, na mara nyingi ni usiku. Mate yenye mstari mwembamba wa rangi ya waridi mara moja, kisha yakawa meupe, ni ya kupiga simu na kuangalia. Damu nyekundu mbichi, hata ikiwa kijiko kimoja tu, ni ya kwenda hospitali wakati huohuo. Na ikikata njiani, msigeuze. Mara nyingine damu kidogo iliyokata yenyewe ndiyo inayotangulia ile kubwa.

Mkalishe wima, ainamishe kichwa mbele, ateme kwenye beseni. Asilale chali na asimeze damu, kwa sababu ikimjaa tumboni ataitapika na huwezi kujua imetoka kiasi gani. Apige funda la maji baridi sana au anyonye barafu akiwa njiani. Usimwingize kidole wala pamba kooni. Bodaboda siyo chombo cha kumpakia mtoto anayetema damu, anaweza kuzirai. Leo hii, kabla ya magharibi, ongea na jirani mwenye gari au na dereva wa bajaji unayemwamini, muafikiane kwamba ukipiga saa nane za usiku atakuja. Weka nauli, kadi ya bima na karatasi ya kuruhusiwa kwenye mfuko mmoja. Akiwa amelala, sikiliza: mtoto anayemezameza mfululizo usingizini, au anayetapika vitu vyeusi kama masalia ya kahawa, huenda anavuja damu kwa ndani bila kuitema.

Baada ya haya sina haja ya kurefusha jibu la shule. Jumatatu ya keshokutwa ni siku yake ya saba. Unampeleka bweni, kwenye ugali mkavu na maharage, ndoo za maji za kubeba, mpira jioni, vumbi la uwanja wa paredi, na usiku wa manane ambapo wa kumsikia akimezameza ni mwanafunzi mwenzake aliyelala fofofo. Tena katikati ya siku zilezile za hatari. Hapana. Arudi Jumatatu inayofuata, siku ya 14, kama anakula na hajavuja damu. Hospitali itakupa karatasi ya mapumziko. Mpigie mwalimu wa darasa, mwombe wenzake wapige picha daftari zao wamtumie. Mbio, mpira na kunyanyua vitu vizito visubiri mpaka zipite wiki mbili kamili. Na katika hizo wiki mbili asisafiri kwenda mahali palipo mbali na hospitali, hata kama ni harusi ya mjomba.

Wasomaji wenye watoto wa selimundu, neno moja kwenu: kwa mtoto huyo kukauka maji ni hatari maradufu, kwa sababu kunaweza kumwamshia maumivu makali ya ugonjwa wake. Msisubiri saa hata moja ya kukataa maji, pigeni simu.

Kuna jambo ambalo mama peke yake pengine hataambiwa. Niliomba mtoto apewe simu, nikaongea naye mwenyewe, yeye akijibu kwa kugonga, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Nilimwuliza kama anavuta sigara, shisha au bangi. Jibu lake nimelihifadhi mimi na yeye. Nawashauri wazazi wote mtafute mtu anayeaminika amwulize kijana wenu hivyo bila hasira, kabla ya upasuaji, kwa sababu moshi unaunguza kidonda hiki. Na moshi wa baba anayevuta sebuleni ni moshi vilevile.

Nikamwambia pia kwamba kazi hii ni yake. Achore kwenye daftari saa za dawa, aandike maumivu yake kutoka sifuri hadi kumi, aweke alama kila akikojoa. Mkojo mara nne kwa siku, mweupe au njano hafifu, hapo hakuna atakayemsumbua. Kuanzia hapo, ukipita muda wa saa nane bila mkojo wakati ameamka, twende hospitali aongezewe maji kwa dripu, na hilo halina aibu wala si kushindwa. Vijana hawapendi kubembelezwa kama watoto, lakini ukiwapa daftari na sababu, wanasimamia.

Siku ile ulisaga paracetamol ukaichanganya na mtindi kijiko kimoja, saa nane na nusu. Saa tisa na robo akaanza mafunda ya madafu. Tulikubaliana kwamba ikifika saa tatu usiku bila mkojo unampeleka wodini. Saa moja na dakika kumi ukanitumia ujumbe: amekojoa, rangi ya njano ya kawaida. Nilishukuru Mungu hapo nilipokaa.

Hofu yako ya mwisho uliyonitajia simuni, kwamba sasa hana kinga, iondoe. Mafindo ni sehemu ndogo ya jeshi kubwa. Nyuma ya ulimi, nyuma ya pua, shingoni na mwili mzima zipo tezi nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo. Ila bado anaweza kupata maumivu ya koo siku za usoni, mara chache zaidi. Yakija na homa, aende kupimwa na kutibiwa, asidharau kwa kuwa mafindo hayapo, kwa sababu baadhi ya bakteria wa koo, wasipotibiwa, huacha madhara kwenye moyo.

Jumapili asubuhi ujumbe ulitoka kwenye namba yako lakini mwandishi alikuwa yeye. Alitaka kujua anaruhusiwa lini kula chipsi. Jibu langu: ukishameza wali bila kukunja uso, zipo. Ziwe laini, zimepoa, zisiwe zile kavu za kukwaruza, bila chachandu na bila pilipili, na uzianze nusu saa baada ya dawa, kikombe cha maji kikiwa mkononi.